Nimeomba kuhusu Kitabu cha Mormoni na sijapata jibu la wazi: je, imani yangu ni dhaifu?

Swali

Ndugu na dada zangu, nilijiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho nikiwa mtu mzima. Nimeisoma ahadi iliyo katika Moroni 10:3–5, mwishoni mwa Kitabu cha Mormoni, ambacho ni andiko takatifu la Kanisa letu, kwamba Mungu atamdhihirishia ukweli wa kitabu hicho anayeomba kwa moyo wa dhati, nami nimeomba hivyo, lakini sijawahi kuhisi kifua kikiwaka kama wengine wanavyosimulia. Katika mkutano wa mfungo na ushuhuda waumini husimama mmoja baada ya mwingine na kusema kwamba wanajua kwa hakika, nami hubaki kitini nikijiuliza nimepungukiwa na nini. Ninampenda Mwokozi na ninataka kuamini. Je, niielewe vipi imani yangu, na nifanye nini ili ikue?

Jibu la kwanza

Dada yangu, maneno yako kwamba unataka kuamini ndiyo yaliyonigusa zaidi, kwa sababu ndipo hasa anapoanzia Alma, nabii katika Kitabu cha Mormoni. Tusome Alma 32 bila haraka. Wasikilizaji wake ni maskini wa Wazoramu, kundi lililojitenga na imani ya Alma; maskini hao walikuwa wamefukuzwa katika masinagogi waliyoyajenga kwa mikono yao wenyewe. Waliowafukuza walikuwa watu wenye uhakika mkubwa: walipanda juu ya Rameumptomu, jukwaa lao la kusalia, mara moja kwa juma, kila mmoja akarudia sala ile ile ya kumshukuru Mungu kwamba wao ndio wateule, kisha wakaenda zao wasimtaje tena mpaka siku ile irudi. Alma hawaombi maskini wale waige uhakika wa namna hiyo. Anawaambia kwamba imani si kuwa na ufahamu kamili wa mambo, na kwamba hata kama hawawezi zaidi ya kutamani kuamini, waache tamanio hilo lifanye kazi ndani yao.

Wengi wetu husoma sura hiyo kana kwamba mbegu ni imani. Alma analinganisha mbegu na neno, na katika sura ya 33 anaonyesha kwamba neno hilo ni kumwamini Mwana wa Mungu, aliyekuja kuwakomboa watu wake na kufufuka. Kwa hiyo swali la kujiuliza si imani yako ina ukubwa gani, bali ni iwapo neno la Kristo limepata nafasi moyoni na linafanya nini humo. Dalili anazozitaja ni za taratibu: roho inapanuka, ufahamu unaangazwa, neno linaanza kuwa tamu. Kama umekuwa mwepesi zaidi wa kusamehe tangu ubatizwe, au maandiko yaliyokuwa mazito yameanza kueleweka, hayo ni matunda, na hupaswi kuyadharau kwa sababu hayakuja kwa kishindo.

Jibu la pili

Ninakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila ningependa kuongeza jambo kuhusu kifua kuwaka. Maneno hayo yamo katika Mafundisho na Maagano 9, kitabu cha mafunuo ya Kanisa, na Oliver Cowdery, mwandishi wa nabii Joseph Smith, aliambiwa hayo mwaka 1829 kuhusu kazi ya kutafsiri Kitabu cha Mormoni, baada ya kudhani kwamba kuomba peke yake kungetosha. Bwana alimwagiza kwanza alichunguze jambo akilini mwake, kisha aulize kama ni sahihi. Kabla ya hapo, katika sehemu ya 6, Oliver huyo huyo alikuwa akitamani ushahidi zaidi, na Bwana akamkumbusha usiku alioomba na kupewa amani akilini. Jibu alikuwa nalo tayari, alihitaji kukumbushwa. Chukua daftari, uandike nyakati ulizopata utulivu baada ya kuomba, kisha uyasome tena maandishi hayo baada ya miezi michache.

Pia usisahau kutenda. Yohana 7:17 inasema kwamba anayependa kuyafanya mapenzi ya Mungu ndiye atakayejua habari ya mafundisho hayo, na Etheri 12:6, katika Kitabu cha Mormoni, inaeleza kwamba ushahidi huja baada ya imani kujaribiwa. Kungoja ushahidi kabla ya kutii ni kugeuza mpangilio huo.

Jibu la tatu

Mafundisho na Maagano 46:13–14 hunifariji sana: wengine hupewa na Roho Mtakatifu kujua kwamba Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu, na wengine hupewa kuyaamini maneno yao ili nao wapate uzima wa milele. Kuamini kumehesabiwa hapo kuwa kipawa kamili.

Muuliza swali

Asanteni sana. Je, inafaa nisimame kutoa ushuhuda nikisema tu kwamba ninaamini?

Jibu la tatu

Inafaa kabisa, dada. Katika mkutano mkuu wa Kanisa wa Aprili 2013, Mzee Jeffrey R. Holland, aliyekuwa mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wa Kanisa, alisimulia habari za kijana wa miaka 14 aliyemwambia kwamba hawezi bado kusema anajua Kanisa ni la kweli, ila anaamini hivyo. Mzee Holland alimkumbatia na kumwambia kwamba hana haja kamwe ya kuomba radhi kwa kuamini tu. Simama useme unachokiamini kuhusu Mwokozi, hata kikiwa sentensi mbili, kisha uketi.