Re: Nguvu zimeniisha, naomba maombi na ushauri

Kutoka: Mama Wawili, Houston

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Samahani naandika usiku huu ndo nimetoka kazini. Wengi mnajua mzee wangu, mume wangu, alipata kiharusi, sasa karudi nyumbani upande wa kulia haufanyi kazi, kula alishwe kuoga aogeshwe, na mimi asubuhi nabeba boksi ghalani, jioni niko nyumba ya wazee nageuza wagonjwa wa watu, nikirudi nageuza wa kwangu. Bongo nako simu haziishi, mara ada mara dawa za mama zimeisha mara mchango wa msiba, na huwezi kuwaeleza wakakuelewa maana wanajua Marekani hela zinaokotwa. Bili ya hospitali imekuja sijathubutu kuisoma mpaka chini. Nilizoea kusali ndani ya gari pale paking kabla sijaingia kazini, siku hizi nashika usukani nafungua mdomo neno halitoki nasinzia tu. Kanisani naambiwa mtegemee Mungu. Sawa, ila nauliza kwa nia njema kabisa, kumtegemea Mungu kunafanyikaje pale ambapo hata nguvu ya kuomba huna, na saa kumi na moja alfajiri alamu iko palepale?

---

Kutoka: Kaka wa Dallas

Pole sana dada. Hilo ni jaribu na adui anajua anachotafuta. Ingia kwenye mfungo wa siku tatu na mkesha, jisukume, utaona mlango unafunguka. Tuko pamoja kwenye maombi.

---

Kutoka: Shangazi wa Katy

Marahaba mwanangu, na pole. Kaka wa Dallas nakuheshimu lakini hapana jamani, huyu mtu kukesha anakesha kila siku na kufunga anafunga kwa kukosa muda wa kula, usimwongezee shifti nyingine ukaiita maombi.

Mwanangu soma Hesabu 11. Musa, yule yule wa Bahari ya Shamu, anamwambia Mungu waziwazi hawa watu siwawezi peke yangu mzigo ni mzito, tena anaomba bora afe. Angalia sasa alichojibiwa. Hakuambiwa ongeza imani wala jikaze. Aliambiwa akusanye wazee 70 wabebe pamoja naye. Na Eliya naye 1 Wafalme 19, kalala chini ya mti anasema yatosha niondoe roho, malaika akaja na mkate na maji, akala, AKALALA TENA, ndo akaamshwa mara ya pili kula. Mahubiri yalikuja baadaye sana, kwanza chakula na usingizi. Na hilo la kukosa maneno lipo Warumi 8:26, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo ukisinzia pale kwenye usukani usijihesabu umeacha kuomba (ila zima gari kwanza).

Sasa ya duniani, maana miye nimekaa kwenye unesi muda mrefu na nawaona watu wetu wanavyoumia kwa kutouliza. Nenda kwa watu wa rasilimali watu pale kazini uulizie FMLA, likizo ya kuuguza mtu wa familia. Ni sheria ya 1993, kama mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka ulipo, na wewe umemaliza mwaka na umefanya saa 1,250 ndani ya miezi 12 iliyopita, una haki ya hadi wiki 12 kumuuguza mumeo na kazi yako wakakutunzia. Hailipwi, sikudanganyi, ila daktari akithibitisha kuna haja unaweza kuichukua kwa vipande, siku moja wiki hii mbili wiki ijayo. Ile bili nayo usiiguse kwa kadi ya mkopo!! Hospitali zisizo za faida zinabanwa na sheria kuwa na mpango wa kusaidia wenye kipato kidogo, omba fomu ya msaada wa kifedha, una angalau siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, na zipo zinazofuta yote. Piga pia 211 wakuelekeze kwenye misaada ya hapo kwenu, chakula, umeme, kodi. Na siku ukijikuta unatamani usiamke, piga 988 saa yoyote ile, wana wakalimani, hiyo nayo si kukosa imani.

Bongo niachie miye. Nipe namba ya kaka yako mkubwa nitaongea naye kama shangazi, wewe ukisema huna hawaamini.

---

Kutoka: Baba Pacha, Houston

Asalam aleikum wote. Sisi huku Baqara 286 inasema Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na aya hiyo hiyo inatufundisha kuomba tusitwishwe tusichokiweza, kwa hiyo dada kusema siwezi si kukufuru, ni dua tuliyopewa tuisome. Mke wangu mchana yuko nyumbani, atakaa na mzee Jumanne na Alhamisi, ameshakubali. Mwenye kiti cha magurudumu kisichotumika aseme nina pikapu nakifuata hata Galveston.

---

Kutoka: Kaka wa Dallas

Shangazi nimekuelewa. Kiti kipo kanisani kwetu, nitakileta Jumamosi, na tumechanga kidogo.

---

Kutoka: Mama Wawili, Houston

Nimelia wapendwa, nitashukuru vizuri nikipata akili. Nimeisoma bili mpaka chini na kweli pameandikwa habari za hiyo fomu, kwa maandishi madogo kama sisimizi. Ghalani wanasema mwaka wangu haujatimia, nyumba ya wazee ndo wamenipa karatasi za daktari ajaze, hivyo jioni mbili kwa wiki nitakuwa nyumbani wakikubali. Shangazi namba nimekutumia pembeni, kaka ni mkali kidogo usimwogope. Shemeji aje Jumanne apitie mlango wa nyuma, wa mbele kitasa kibovu. Mzee chumvi amekatazwa asimwonee huruma, na akianza ubishi wa Simba na Yanga mwacheni ashinde.