Dark Souls: chumba cha Capra Demon ni uonevu au kina maana?

Mshale_Chumbageni

Wakuu salaam. Niko Tanga, nacheza Dark Souls ya 2011, lile toleo lililosafishwa la PS4. Nimekwama kwa bosi anayeitwa Capra Demon. Ukivuka ukungu wa mlangoni tu, jitu lenye mapanga mawili liko mbele yako, mbwa wawili wameshakurukia, na chumba hakina hata pa kugeukia. Ugumu siuogopi, Sekiro, gemu nyingine ngumu ya studio hiyo hiyo, niliimaliza na nikaipenda. Ila kila mahali nasoma kwamba ramani ya gemu hii inaipita hata ya Elden Ring, gemu yao ya baadaye yenye nchi ya wazi. Ubora uko wapi kama bosi anakuua kabla hujamwona vizuri? Mlioimaliza nielewesheni.

Banda_Ngamiani

Pole mkuu. Nina banda la gemu huku Ngamiani. Mashine karibu zote ni za mpira, ila moja nimeitenga kwa Dark Souls na siitoi. Vijana wanaompita Capra ni wale wanaokitazama chumba kwanza, bosi baadaye.

Kumbuka ulikotoka. Asylum Demon, bosi wa mwanzo kabisa, gemu ilikurudisha kwake kwa juu, ukamshukia na silaha kichwani. Halafu bosi Taurus Demon kule juu ya ukuta: wapo askari wawili wenye pinde juu ya mnara nyuma yako. Hao hawakuwekwa pale kukusumbua tu. Unapanda ngazi kuwaua, na ukimaliza umesimama mahali pa kumrukia bosi. Sasa Capra naye ana ngazi ya mawe humo humo chumbani. Ingia, usimjibu mtu, kimbilia ngazini. Njia ni nyembamba, mbwa hawawezi kukuzunguka, wamalizie hapo. Capra akipanda, ruka chini, zunguka, panda tena, mshukie. Ni somo la Asylum lile lile, safari hii bila muda wa kufikiri.

Angalia na uzito. Ukivaa vitu vinavyozidi nusu ya uwezo wako wa kubeba, ukibiringika kukwepa unakuwa mzito na mbwa wanakukuta bado uko chini. Ukibaki chini ya robo, unapita katikati ya mapanga.

Kuhusu ramani, mimi nakujibu kwa lifti ya kanisani. Umetoka Firelink, kituo chako cha mwanzo, umepanda mji wa Undead Burg wote, umepita daraja la joka, umefika Undead Parish penye kanisa, roho (ndiyo pesa ya gemu) zimejaa na chupa za Estus za kujiponya zinakaribia kwisha. Unakuta lifti, unashuka, unatokea Firelink! Bandani kwangu kelele za hapo zinazidi za goli la dakika ya 90. Inauma na inapendeza kwa sababu huwezi kujisafirisha kutoka moto wa kupumzikia mmoja hadi mwingine mpaka upate chombo kiitwacho Lordvessel kule mji wa Anor Londo. Kabla ya hapo unaijua nchi kwa miguu, kama mtoto wa Ngamiani anavyojua vichochoro vyake. Elden Ring inakuruhusu kujisafirisha hivyo karibu tangu mwanzo. Nchi pana, nzuri sana, lakini sehemu kubwa unaipita bila kuikariri.

Dada_wa_Raskazone

Kaka wa banda, Elden Ring umeionea. Ngome yake ya Stormveil je? Mlinzi wa geti anakuchagulisha: lango kuu lenye mishale mikubwa, au upenyo wa pembeni kando ya jabali. Ndani unapita juu ya mapaa, na lifti zinakurudisha ulikopita. Na Margit, bosi wa kabla yake, ni darasa tosha: anainua fimbo, anaishikilia hewani, na aliyezoea kubiringika mapema anapigwa akiwa anainuka.

Banda_Ngamiani

Stormveil nakubali dada yangu, ile ngome ingeweza kukaa ndani ya Dark Souls bila kubadilishwa jiwe. Mimi nasemea nchi ya wazi kati ya ngome na ngome.

Mshale_Chumbageni

Capra ameanguka! Mbwa wakishakufa kumbe ni bosi wa kawaida tu. Ahsante sana kaka. Ufunguo aliouacha unafungua eneo la Depths, nijiandae vipi?

Banda_Ngamiani

Hongera mkuu. Depths kuna basilisk, wale wenye macho makubwa wanaotema moshi wa kijivu. Moshi ukikujaa unakufa papo hapo, na ukiamka una laana, uhai wako umekatwa nusu. Toka kwenye moshi kwanza, piga baadaye. Ukimaliza huko unashukia eneo la Blighttown, kuna wapuliza vishale vya sumu kali. Kabla hujashuka, pita kwa yule bibi muuzaji kwenye mfereji unaorudi Firelink, nunua majani ya zambarau yale yenye ua. Yasiyo na ua hayatibu sumu ile.