Ulinganisho: 386SX iliyochomelewa kwenye bodi, kuvalisha, kubadilisha au kutafuta bodi nyingine?

Karafuu88: Wakuu, habari zenu. Nina madabodi ya kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 386SX, prosesa imechomelewa, soketi hakuna. Nataka niiongezee nguvu. Nimeona njia tatu: prosesa ya 486 ya kuvalisha juu ya iliyopo, kung'oa na kuchomelea Cx486SLC ya kampuni ya Cyrix, au kutafuta bodi ya 486. Muuzaji wa ile ya kuvalisha anasubiri jibu langu. Mnaionaje?

PiniMia: Mkuu, unaandika kama vile bodi tunaiona! MHz ngapi? Ya Intel au AMD? Na unataka kuendesha nini?

MzeeWaDOS: Chukua bodi ya 486, biashara iishe. 386SX hata uivalishe taji, njia ya data ni ileile ya biti 16 na RAM haivuki MB 16.

Karafuu88: Ni Intel, 16 MHz. Nataka kucheza Doom 😅

MzeeWaDOS: Doom kwenye SX! Haya.

PiniMia: Hiyo 16 ndiyo inanitia shaka. Kifaa cha kuvalisha huinyamazisha prosesa ya chini kwa pini ya FLT#, iachie njia zote. 386SX nyingine za mwanzo hazina huduma hiyo, basi zinabaki mbili zinavutana. Piga picha maandishi ya juu ya chipu kabla hujatoa hela.

MoshiWaRisasi: Mimi nasimama na kubadilisha. Cx486SLC inakaa kwenye alama zilezile za 386SX, pini 100. Ila usimpe kila mwenye bloa. Yangu aliishika fundi wa simu. Hakufunika kitu, akapuliza moto mpaka soketi za RAM zikalegea kama mshumaa, kisha akaivuta chipu risasi haijayeyuka upande mmoja. Vipande vinne vya shaba vikaja nayo. Mwingine akaunga kwa nyaya nyembamba kama unywele, mashine ikawaka. Nikafurahi. Nikawasha kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, kila faili ninalonakili kutoka flopi linatoka limeharibika! Nikizima kashe, safi. Sasa nilibadilisha ili nipate nini?

PiniMia: Hapo fundi hana kosa. Flopi inaandika kwenye RAM kwa DMA, yaani moja kwa moja bila kupitia prosesa, basi prosesa haina habari, kashe inabaki na data ya zamani. BIOS ya enzi hizo, programu ya kuanzishia bodi, haiijui Cyrix. Tafuta programu ya DOS inayowasha BARB, mpangilio ulio ndani ya hiyo Cyrix, kashe itafutwa kila DMA inaposhika njia.

MoshiWaRisasi: Kashe yenyewe KB 1, mkuu. Kelele zote hizi!

PiniMia: KB 1 si haba kwenye njia ya biti 16.

MzeeWaDOS: Mnabishania prosesa, betri ya saa ya bodi je? Kama kuna lile pipa la nikeli-kadimiamu, likate leo. Likivuja linakula shaba, na hakutakuwa na bodi ya kuvalisha chochote.

Karafuu88: Lipo, lina ukungu wa kijani. Niweke CR2032, ile betri ya kitufe?

MzeeWaDOS: Weka, ila na dayodi inayopitisha umeme upande mmoja tu, bodi isije ikaichaji.

MoshiWaRisasi: Dayodi inakula volti, saa itakuwa inapotea. Bora AA tatu kwenye kijisanduku cha nje.

MzeeWaDOS: AA nazo zinavuja.

MoshiWaRisasi: Zinavujia nje ya bodi, mzee!