Kukanda kwa nguvu, kukunja kidogo kidogo au kuacha donge lijikande lenyewe? Wazoefu njooni tulinganishe

KidoleUnga
Wadau habari zenu. Najua hili swali lishaulizwa vipande vipande ila sijaona mahali watu wamezipanga hizi njia pamoja wakazilinganisha kwa haki, kwa hiyo naomba tufanye hivyo hapa. Mkate nakanda kwa mikono, mashine sina na sina mpango nayo. Kipimo changu ni unga wa ngano mweupe gramu 500, maji gramu 325, chumvi 10, hamira kavu 5.

Jumamosi nimekanda, dakika ya nne hivi donge likaning'ang'ania vidoleni kama gundi, nikatupia konzi ya unga, nikaona afadhali, dakika mbili mbele likaanza tena, nikatupia nyingine, mwisho sijui niliongeza kiasi gani ila mkate ulitoka mzito na mkavu, ukiuangusha mezani unasikia ko! Na kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma mpaka leo.

Sasa naona kuna wanaokanda moja kwa moja, kuna wanaokunja kunja kwa vipindi, na kuna wale wanaochanganya jioni wakalala zao. Ipi inamfaa mtu mwenye mkono kama wangu? Naangalia nguvu, muda, uchafu wa meza na mkate unavyotoka ndani.

FundiDonge
Mkuu kukanda hakuna kosa, kosa ni hizo konzi. Maji 325 kwa unga 500 ni asilimia 65, hilo donge la kawaida kabisa. Kila donge linanata mwanzoni kwa sababu unga haujamaliza kunywa maji, ukivumilia mpaka dakika ya saba ya nane unaliona linaanza kuachia meza lenyewe. Wewe tuseme uliongeza gramu 80 tu, hapo maji yameshuka kutoka asilimia 65 mpaka 56, sasa unategemea nini zaidi ya hiyo ko?

Na kifundo kinauma kwa sababu unakanda kwa vidole na mabega yamelala. Simama, meza iwe chini kidogo ya usawa wa kiuno, sukuma donge mbele kwa kile kitako cha kiganja, likunje lirudi kwako, lizungushe robo, sukuma tena. Nguvu itoke mwilini, mkono unapitisha tu. Ukiona donge limekaza na linakugomea ujue limechoka, lifunike kwa bakuli dakika 5, ukirudi limelegea.

Kujua limeiva kukanda: kata kipande cha ukubwa wa yai, kivute taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, kikitanuka mpaka mwanga unapita bila kuchanika basi acha. Dakika 10 mpaka 12 kazi imekwisha, mkate unatoka na vijitundu vidogo vilivyolingana, unakatika bila kumwaga chenga. Kwangu hii ndio namba moja na sijaona sababu ya kuhama.

KunjaKunja
Kwenye unga wa kuongeza nipo na Fundi asilimia mia. Ila dakika 12 za kutoka jasho za nini jamani?

Ngano ina protini mbili zinazohusika hapa, gliadini na glutenini, zikikutana na maji zinaanza kushikana zenyewe na kutengeneza gluteni, zile nyuzi zinazovutika zinazolishikilia donge, hata kama wewe umekaa unapiga soga. Mkono unaharakisha na kupanga tu. Yule mwalimu wa waokaji wa Ufaransa, Raymond Calvel, ndiye aliyeifanya iwe njia rasmi miaka ya 1970, akaiita autolizi: changanya unga na maji peke yake mpaka usione unga mkavu, funika, ondoka dakika 20 au 30. Ukirudi unashika donge tofauti kabisa na lile uliloliacha, na hujafanya chochote.

Baada ya hapo hamira na chumvi vinaingia, halafu unakunja ndani ya bakuli hilo hilo. Lowesha mkono kwa maji, ingiza vidole chini ya donge, vuta upande mmoja juu mpaka uhisi linaanza kugoma, likunje juu ya mwenzake, zungusha bakuli robo, rudia pande zote nne. Sekunde 30 hazifiki. Funika, subiri nusu saa, rudia. Mara ya kwanza linachanika chanika na utanitukana, mara ya pili linavutika, mara ya tatu unaingiza mkono donge linanyanyuka zima na bakuli chini limebaki safi. Hiyo mara ya tatu ndio inanifanya nisirudi kwenye meza.

Hasara yake inabidi uwepo nyumbani kwa masaa mawili hivi. Kifundo hakitajua kama umefanya kazi.

HamiraYaJana
Swali la haraka, chumvi kwanini isubiri? Mimi natia vyote kwa pamoja na mkate unakuwa mkate.

KunjaKunja
Hauharibiki ukitia pamoja, usiwe na wasi. Ni vile chumvi inabana gluteni, na tunachotaka mwanzoni ni unga unywe maji ukiwa umelegea. Nyunyiza baada ya mapumziko pamoja na kijiko kimoja cha maji uliyobakiza, finya finya kwa vidole mpaka usisikie chenga za chumvi.

MvivuWaMkate
Nyie wote mnajitesa. Unga gramu 400, maji 300, chumvi 8, hamira robo kijiko cha chai, koroga na mwiko kwa dakika moja, funika, kalale. Hii kitu ilipata umaarufu mwaka 2006 gazeti la New York Times lilipoandika habari za mwokaji Jim Lahey, na tangu hapo watu wengi tumeacha kukanda bila aibu. Hamira kidogo, maji mengi, masaa 12 mpaka 18, gluteni inajipanga yenyewe kwa sababu ina muda na maji, na viputo vya gesi vinapopanda navyo vinalivuta vuta donge kwa ndani. Asubuhi unaona uso umejaa mapovu, ukiinamisha bakuli linatikisika.

Ladha sasa! Donge lililolala lina ladha ambayo donge la masaa mawili haliwezi kuipata, hata ukande mpaka uzimie.

FundiDonge
Mvivu umesema faida zote ukameza hasara. Hilo donge ni asilimia 75, jaribu kulifinyanga kwa mkono mkavu uone, litatambaa mezani kama limewekewa injini. Ndio maana nyie mnalitumbukiza kwenye sufuria nzito ya moto yenye mfuniko, sufuria ndio inalishikilia. Asiye na sufuria ya hivyo anapata kitu bapa.

Pili hayo masaa 18 ni ya chumba chenye ubaridi kiasi, nyuzi 20 au 21. Chumba kikiwa na nyuzi 28 au 30 masaa 8 tu linaweza kuwa limeshamaliza kila kitu, unakuta limebonyea katikati, linanuka kama pombe na ukilivuta linakatika. Kwenye joto punguza hamira au liingize kwenye friji baada ya saa moja au mbili.

MvivuWaMkate
Hapo kwenye joto umenipata, lishanikuta. Ila kufinyanga unalikunja mara mbili juu ya unga kidogo, unaliacha dakika 15 lipumzike, halafu unaliviringisha kwa mikono iliyolowa. Sio vita.

PigaMeza
Mmeisahau njia ya nne. Donge la maji mengi mtu asiye na subira analipiga. Unalinyanyua kwa vidole vya mikono miwili, unalipiga mezani upande mmoja ukiwa bado umeushika, unalivuta kwako kidogo kisha unalikunja kwa mbele, unalinyanyua upande mwingine. Usiongeze unga wala maji. Dakika 3 za mwanzo nusu ya donge iko mezani, robo mikononi na robo kwenye nywele, dakika ya 8 limekuwa kama shavu la mtoto. Mkate unatoka mwepesi kuliko wa kukandamiza, hilo nimelilinganisha mwenyewe zaidi ya mara moja.

Hasara ni kelele. Mara ya kwanza nilipiga usiku, jirani wa chini akaja kugonga mlango kuuliza kama kuna mtu anapigwa humu ndani, nikamfungulia nikiwa na donge mkononi.

HamiraYaJana
Nimecheka kwa sauti 😂

PumbaZote
Mnaongelea unga mweupe tu. Sisi wa unga usiokobolewa je? Pumba ni kama vijembe vidogo, zinakata nyuzi za gluteni wakati unakanda, na zinakunywa maji mengi lakini pole pole. Mimi nilikuwa nakanda dakika 15 nikidhani sijatosheleza kumbe ndio naharibu. Siku hizi naongeza maji, kama unga mweupe unachukua 65 huu naupa 75, naacha donge saa nzima kabla ya kuligusa, halafu nakunja mara tatu. Kipimo cha kuona mwanga usikitumie kwa unga huu, litachanika hata likiwa zuri, angalia tu kama linarudi ukilibonyeza.

Na mwenye unga usio na gluteni asijisumbue kukanda kabisa, hakuna cha kukanda, koroga mimina oka.

KidoleUnga
Asanteni sana wote, nimejifunza zaidi ya nilivyotegemea. Kabla sijajaribu, mikononi mnaweka nini? Unga, maji au mafuta? Na kunawa je, maana sinki langu lishaziba mara moja.

FundiDonge
Donge la 60 mpaka 65 vumbi la unga, vumbi sio konzi. Kuanzia 70 kwenda juu maji. Mafuta siku ya kulitoa kwenye bakuli likiwa limeumuka. Pia tafuta kile kibapa cha plastiki cha kukwangulia, meza inasafishika kwa mikwaruzo mitatu, na ukiwa nacho hutakuwa na hamu ya kutupia unga.

KunjaKunja
Kunawa: usianze na maji. Chukua unga mkavu kidogo, sugua viganja kama unasikia baridi, makombo yote yanadondoka, yatupe kwenye ndoo ya taka. Halafu maji ya baridi. Maji ya moto yanaupika ule unga kwenye ngozi unakuwa gundi kweli kweli, na ndio huo ulioziba sinki.

KidoleUnga
Mrejesho kama nilivyoahidi. Jumapili nimetengeneza madonge matatu, kila moja unga gramu 250. La kwanza nimelikanda kama Fundi alivyosema, la pili la kukunja, la tatu nililichanganya Jumamosi usiku likalala.

La kukanda: nilitamani kutupia unga dakika ya tano, nikaweka mkono mmoja mgongoni ili nisiufikie mfuko, sitanii. Dakika ya nane likaachia meza. Sikuamini. Kabla ya kuoka nimelibonyeza kwa kidole, shimo likarudi taratibu likabaki nusu, nikajua tayari. Mkate laini, umekatika vizuri, hakuna ko. Kifundo kimelalamika kidogo ila sio kama mwanzo, kweli mwili ukisukuma mkono unapumzika.

La kulala: ladha Mvivu hakudanganya. Umbo sasa, nililiweka kwenye trei bila sufuria likatanuka kama Fundi alivyotabiri. Ndani lina matundu makubwa, nimelipaka siagi ikadondoka upande wa pili. Limeliwa likaisha la kwanza.

La kukunja ndilo nililokuwa nalitegemea kuliko yote kwa ajili ya huu mkono, na mkono kweli haukusikia kitu. Mara ya kwanza likachanika, ya pili likavutika. Ya tatu nilikuwa nasubiri linyanyuke zima na bakuli libaki safi, likateleza tu, limelegea legea, na linaumuka haraka kuliko la kukanda wakati hamira ni ile ile. Nikasema labda joto. Nimelioka limetoka limepauka, halina shepu, na nilipolionja ndio nikaelewa. Nikageuka kuangalia meza, chumvi gramu 5 ipo kwenye kisahani pale pale nilipoipima.

KunjaKunja
😂😂 Pole sana. Umejionea kazi ya chumvi kwa macho yako, ndio inamshika hamira breki na ndio inakaza donge. Kila anayefanya autolizi lishamkuta. Siku hizi kisahani cha chumvi nakiweka juu ya kitambaa nilichofunikia bakuli, siwezi kufunua bila kukitoa.

FundiDonge
Ukikanda unatia vyote mwanzoni, husahau kitu. Nasema tu.

PigaMeza
Kwa hiyo njia yangu hukuijaribu.

KidoleUnga
@PigaMeza naishi ghorofa ya pili na wa chini ana mtoto mchanga, nivumilie. @FundiDonge kwa siku ninayotaka mkate mapema nakanda, umeshinda hapo, ila la kukunja sitalihukumu kwa kosa langu. Nimechanganya lingine sasa hivi, gramu 250 ile ile, lina dakika 10 tangu nilifunike. Kisahani cha chumvi kipo juu ya kitambaa.