Kurekodi vipindi vya walimu wapya: tuanzie wapi?

Mwalimu wa taaluma, Chamwino

Ndugu walimu, habari za kazi. Shuleni kwetu tumepokea walimu wa ajira mpya, na mwalimu mkuu amependekeza kwamba tuache kukaa nyuma ya darasa na daftari la ukaguzi, badala yake turekodi vipindi vyao kwa simu na kuvijadili katika jumuiya yetu ya ujifunzaji ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Wazo ni zuri, ila walimu wenyewe wanahofia kwamba video hizo zitamfikia mthibiti ubora au zitazagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Isitoshe, kipindi cha hisabati cha darasa la nne tulichorekodi kwa majaribio kilitoa video ndefu ambayo hakuna aliyepata muda wa kuitazama yote, na sauti ilimezwa na upepo. Wenye uzoefu mnaendeshaje jambo hili?

Mkufunzi wa ualimu, Mpwapwa

Mwalimu, msirekodi kipindi kizima. Utaratibu wa mwalimu mwanafunzi kufundisha kipande cha somo, kujitazama kwenye video na kukifundisha tena ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, na nguvu yake ilikuwa katika ufupi: dakika chache, wanafunzi wachache, stadi moja.

Mimi ningeanza na stadi ya kuuliza maswali. Mtafiti Mary Budd Rowe alionesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi, wakishauliza, husubiri takribani sekunde moja tu kabla ya kuingilia kati, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hushiriki. Kwa mtoto wetu wa kijijini anayefikiri kwanza kwa Kigogo ndipo ajibu kwa Kiswahili, sekunde moja ni sawa na kutoulizwa kabisa. Simamisheni video pale mwalimu anaposema "Tumeelewana?" na darasa zima likaitikia "Ndiyooo!", kisha mwombe mwalimu husika atazame midomo ya watoto wa dawati la nyuma. Mara nyingi ataona mwenyewe nani hakufungua kinywa, nawe hutahitaji kumweleza lolote. Baada ya hapo akifundishe kipande kile kile katika mkondo mwingine.

Mwalimu wa sekondari, Kondoa

Naongezea la kiufundi. Simu ikae mbele, pembeni mwa ubao, ikiwatazama wanafunzi, kwani ukiiweka nyuma utaambulia visogo. Isielekezwe dirishani, maana jua letu hugeuza nyuso kuwa vivuli. Kuhusu upepo, mwalimu aweke simu ya pili mfukoni mwa shati irekodi sauti peke yake.

Afisa elimu kata, Bahi

Hofu ya walimu hao ina msingi, na kwa maoni yangu ndiyo itakayoamua kama mpango utadumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, hivyo pateni ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na kikao cha wazazi ndicho mahali pa kulieleza jambo hilo. Video ibaki kwenye simu ya mwalimu aliyerekodiwa, yeye ndiye achague kipande cha kuonesha, na ifutwe mjadala ukiisha. Isiingizwe kamwe kwenye tathmini ya utendaji. Siku itakapotumika hivyo, mtaanza kuletewa vipindi vya maigizo. Nashauri pia, Mwalimu, kwamba wa kwanza kurekodiwa na kujadiliwa uwe wewe.

Mwalimu wa taaluma, Chamwino

Nashukuru sana. Nitalipeleka suala la ridhaa kwenye kikao cha wazazi, na nimekubali kuanza mimi. Swali dogo: simu ikiwa mbele, watoto hawataanza kuichezea kamera?

Mwalimu wa sekondari, Kondoa

Wataichezea mwanzoni. Iwekeni pale pale kwa vipindi kadhaa bila kurekodi, wataizoea.