Linux ya deskitopu ndani ya simu: Termux, chroot ya ruti, Terminal ya Pixel au ufute Android kabisa? Tulinganishe

Kibo_Koda
Wakuu heshima kwenu. Laptop yangu imeungua bodi wiki ya pili ya semista, fundi ameiangalia akasema haifai tena na hela ya nyingine sina mpaka labda mwakani. Nilichonacho ni simu, prosesa Helio G99, ramu GB 8, stoo GB 128, Android 14, na kibodi ndogo ya bluetuthi. Nina assainmenti za C na Python kila wiki na ripoti ya fildi ya kuandika yenye majedwali mengi. Nimesoma kwamba Linux kamili yenye madirisha na mausi inaingia kwenye simu ila njia nimeona ni nyingi na kila mtu anasifia ya kwake. Naomba aliyewahi kutumia kweli anisaidie, ipi inafaa kwa mtu mwenye simu moja tu ambayo ndo hiyo hiyo ya kupokea hela kutoka nyumbani?

FundiWaTerminali
Pole sana mdogo wangu, ila kwa simu hiyo hujakwama. Mimi nimefanya kazi hivyo miezi saba mwaka jana kwahiyo naongea nilichokiishi.

Kwa hali yako jibu ni Termux, apu ya kuandikia amri za Linux ndani ya Android, pamoja na proot-distro inayoshusha Debian au Ubuntu ndani yake. Android yenyewe inakaa juu ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, kinachokosekana ni ule mpangilio wa mafaili na programu za kawaida za Debian au Ubuntu, sasa proot inakuletea huo bila ruti, yaani bila kuchukua mamlaka yote ya simu. Inakaa katikati kama mkalimani, programu ikiomba faili kwa kerneli yeye anaisimamisha kwanza, anabadilisha njia ya faili ielekee kwenye folda ya Debian uliyoiweka ndani ya Termux, ndo anaruhusu. Programu inaamini iko kwenye kompyuta kamili na wewe ni ruti, kumbe kwenye simu hakuna kilichobadilika. Apu ya benki haijui chochote, ukichoka unafuta Termux na kila kitu kimeondoka.

Hasara yake iko hapo hapo kwenye ukalimani. Kazi zenye mafaili madogo elfu na elfu zinakuwa nzito, mfano apt (kiweka programu cha Debian) ikiwa inafungua paketi nyingi au npm (ya JavaScript) ikishusha maktaba zake, unaweza ukaenda kuchemsha chai ukarudi. Hesabu tupu haiguswi sana, Python yako ikiwa inazunguka kwenye lupu inaenda karibu na kasi ya kawaida. Na systemd, kinachoendesha huduma za Linux nyuma ya pazia, haipo, kwahiyo snap (paketi za Ubuntu) haifanyi kazi, na Docker nayo usahau maana inataka ruti ya kweli. Ndo maana nakwambia weka Debian sio Ubuntu, kwenye Ubuntu ukiomba Firefox kwa apt inakupeleka kwenye snap unabaki hapo hapo, Debian inakupa firefox-esr ya kawaida inafunguka.

Termux ichukue kwenye F-Droid (duka la apu huria) au GitHub, ile ya Play Store ni toleo jingine na haina vyote. Halafu:

pkg install x11-repo
pkg install proot-distro termux-x11-nightly
proot-distro install debian
proot-distro login debian --shared-tmp

Ukishaingia ndani ya Debian unaweka xfce4, ndo deskitopu yenyewe ya madirisha, na dbus-x11. Upande wa kuonyesha picha unaweka apu ya Termux:X11, achana na VNC (njia ya kuonyesha skrini kwa mtandao) ambayo utaikuta kwenye maelezo mengi ya zamani, VNC inafanya kazi ila mausi inaburuta. Andaa nafasi ya GB 5 hivi na bando la kutosha, tafuta waifai ya chuo usiku.

binti_wa_Tanga
Naongeza hapo maana kuna kitu kitamtesa akafikiri simu mbovu. Kuanzia Android 12 mfumo unahesabu michakato midogo inayozaliwa na apu, ikizidi 32 kwa simu nzima inaanza kuuawa. XFCE peke yake inazaa mingi, kwahiyo uko katikati ya kuandika skrini inafunga ghafla na Termux inakuandikia signal 9. Mimi ilinipotezea kurasa nne za ripoti na nililia kwa kweli.

Kwenye Android 14 dawa ni rahisi, ingia Chaguo za Msanidi, shuka chini kabisa utaona swichi ya kuzima vizuizi vya michakato tanzu, iwashe, zima simu uiwashe tena. Kwenye 12 na 13 ni mpaka adb (amri za kuiagiza simu kama msanidi). Halafu mwambie Android isibane betri ya Termux, na kwenye ile notifikesheni yake bonyeza Acquire wakelock ili simu isilale. Kaka Kibo, fanya haya KABLA hujaanza kuandika.

Mlinzi_wa_Ruti
Mimi nitasimama upande mwingine. proot ni nzuri kujifunzia, ila ukitaka kasi ya kweli ni chroot, amri inayoifanya folda ya Linux iwe mzizi wa mafaili, na simu iliyofunguliwa ruti. Pale hakuna mkalimani, programu inaongea na kerneli moja kwa moja. Nimekompaili mradi ule ule wa C kwenye simu ile ile kwa njia zote mbili, kwa proot ilichukua dakika kumi na moja na kidogo, kwa chroot nne. Kwa mtu anayekompaili kutwa hiyo ni tofauti kubwa mno.

Ila Kibo, kwa simu yako hiyo moja SIKUSHAURI, na naomba unielewe vizuri. Kwanza kufungua butiloda (kufuli la kuwashia simu, ndo hatua ya kwanza ya ruti) kunafuta kila kitu kwenye simu. Pili apu nyingi za benki zikigundua ruti zinakataa kufunguka, na hiyo ndo njia yako ya hela. Tatu ni hili ambalo watu hawasemi, kwenye chroot unaunganisha folda za simu kama /sdcard na /dev ndani ya Linux yako ili zionekane. Siku ukiamua kuifuta ukapiga rm -rf kwenye folda ya chroot bila kuzitenganisha kwanza, unafuta na picha zako zote za simu, maana kwa mfumo zile ni folda za ndani tu. Nilipoteza picha za harusi ya dada yangu hivyo. Sasa hivi kabla ya kufuta chochote napiga mount nasoma mstari kwa mstari.

Kibo_Koda
Asanteni mno. Ruti nimeiondoa kwenye hesabu. Vipi apu ya UserLAnd, na ile Terminal mpya ya Google ambayo watu wanasema ndo mwisho wa matatizo?

FundiWaTerminali
UserLAnd nayo ndani inatumia proot, ila wamekufungia vizuri, unabonyeza Debian unachagua jina na nywila basi. Kwa asiyetaka kugusa amri inafaa. Wewe unasoma kompyuta, Termux itakufundisha zaidi na ina watu wengi wa kuwauliza.

Pixel_Mbezi
Ya Terminal nijibu mimi maana ninayo. Ilikuja kwenye Pixel, simu za Google, mwezi Machi 2025, unaiwasha kwenye Chaguo za Msanidi inashusha Debian ya kama nusu GB. Hii sio ukalimani wala chroot, ni mashine pepe kabisa, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya simu, yenye kerneli yake, na prosesa yenyewe ndo inayoitenga na Android. systemd inafanya kazi, sudo ni ya kweli, na apu za benki hazilalamiki maana hujafungua ruti. Kwa mpangilio wa usalama mimi naona hii ndo safi kuliko zote zilizotajwa hapa.

Ila mwanzoni ilikuwa maandishi matupu, upande wa madirisha ulianza kuja na Android 16 na bado unahitaji uvumilivu. Ramu pia mashine pepe inajikatia fungu lake, kwenye simu ya ramu ndogo utaihisi. Na kubwa zaidi, sio kila simu inayo. Inahitaji prosesa na kerneli inayoruhusu mashine pepe, na simu nyingi za Android hata ukipandisha toleo swichi hiyo huioni. Kibo angalia kwako, kama haipo hakuna ujanja wa kuileta.

Omolo254
Niaje wadau. Mimi niko na njia nyingine ambayo hamjaiongelea, kutoa Android yote na kuweka Linux yenyewe. Nilikuwa na OnePlus 6 imekaa kwa droo, nikaweka postmarketOS, Linux ya simu ambayo imejengwa juu ya Linux ndogo ya Alpine, na hiyo simu ni kati ya zile zinasapotiwa vizuri. Hapo hakuna kitu katikati, ni kompyuta. Saa hii iko nyuma ya rauta nyumbani inanitunzia mafaili na miradi ya git na stima ikipotea betri yake inaibeba. Lakini kama simu ya kutembea nayo hapana, kamera ni shida na simu za kupiga huwezi kuzitegemea kama za Android. Kwa huyu kijana aachane nayo mpaka apate simu ya pili.

Mzee_Makunja
Vijana naomba niseme neno moja kwa uchungu kidogo. Ndoto hii mimi naifuatilia tangu 2013 Canonical, kampuni ya Ubuntu, walipochangisha hela za Ubuntu Edge, simu ambayo ungeichomeka kwenye skrini ikawa kompyuta. Walitaka dola milioni 32, wakafika kama milioni 12.8, ikafa. Baadaye Samsung wakaleta Linux on DeX, majaribio yakaanza mwishoni mwa 2018, Ubuntu 16.04 kamili ndani ya Note9, wakaisitisha 2019 simu zilipokwenda Android 10. Mradi wa Ubuntu wa simu Canonical waliuacha 2017 na mpaka leo unaishi kwa sababu watu wa kawaida wa UBports waliubeba mikononi.

Kwahiyo ninapomshauri mwanafunzi namwambia ajenge kazi yake kwenye kitu kinachoshikwa na jamii, na Termux ni hicho. Ile ya Google naiombea heri kabisa, ila mafaili yako yasikae hapo tu.

binti_wa_Tanga
Mzee wangu shikamoo, umesema kweli.

Kibo usisahau skrini. Watu wananunua kebo ya HDMI wakidhani kila tundu la USB-C linatoa picha, hapana, simu nyingi za bei ya kati tundu lake ni USB 2.0 tu, linachaji na kupeleka mafaili basi. Galaxy S nyingi zinatoa, Pixel kuanzia 8. Tafuta maelezo ya simu yako kama kuna neno DisplayPort, kama halipo usitupe hela. Utatumia kioo cha simu, kilaze, na kwenye XFCE kuza maandishi.

Kibo_Koda
Mrejesho baada ya siku tisa. Swichi ya Terminal kwangu haipo. Nimeweka Debian na XFCE kwa Termux, bando limekwenda GB 1.6. Ile swichi ya vizuizi niliiwasha kwanza kama dada alivyosema na haijafunga hata mara moja. gcc iko sawa, Python iko sawa, LibreOffice kufunguka mara ya kwanza inachukua sekunde kama 25, ikishafunguka inaandikika vizuri na majedwali nimeyamaliza. Nimekusanya assainmenti mbili. Video ndani ya Firefox inakatakata, na simu ikifanya kazi kama masaa mawili inapata moto nyuma.

Swali la mwisho, simu ikiibiwa kazi yangu nainusuru vipi?

FundiWaTerminali
Hongera sana! Video itazame upande wa Android, chipu ya picha ya simu yako, Mali, haina draiva nzuri huku kama zile za Adreno za simu nyingine, usihangaike nayo. Kava la simu toa ukiwa unafanya kazi, na usichaji wakati unakompaili.

Kuhifadhi, toka nje ya Debian, piga termux-setup-storage mara moja tu uipe ruhusa, halafu kila Ijumaa:

proot-distro backup debian --output /sdcard/debian.tar.gz

Faili hilo lihamishie kwenye flashi au kwa rafiki mwenye laptop. Kodi zako zisisubiri Ijumaa, kila siku zisukume kwa git kwenye seva ya mtandaoni.

Mlinzi_wa_Ruti
Na jaribu kulirudisha mara moja kwenye simu ya mwenzio mwenye nafasi, uone linafunguka. Bora ujue wiki hii kuliko wiki ya mitihani.