MREJESHO: Gitaa la besi linalonguruma ukumbini Kirumba

Wakuu, niliuliza kwa nini besi yangu inanguruma kila tukipiga Kirumba hata nisipogusa nyuzi. Asanteni sana, limekwisha.

Ilikuwa ni athi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini). Amplifaya ilichomekwa soketi moja, mixa (mashine ya kuchanganya sauti) soketi ya mbali, halafu waya wa sauti ukaziunganisha, athi zikafanya mzunguko unaoleta muungurumo wa umeme. Umeme wetu ni Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde). Uzi wa E wa besi ni kama Hz 41, wa A 55, karibu sawa na umeme. Ndiyo maana muungurumo ulimeza noti zangu za chini! Sasa vyote viko kwenye ekstensheni moja, na nimenunua DI (kisanduku cha kuunganisha gitaa na mixa) yenye swichi ya kukata athi kwenye waya wa sauti.

Aliyeshauri ning'oe pini ya athi kwenye plagi, hapana ndugu yangu, hiyo inaua.

Imebaki kelele ndogo nikisimama karibu na taa za jukwaani. Hiyo ni ya pikapu (kifaa kwenye gitaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi), si ya athi.